Kabla ya Sauti Palikuwa na Mkate: Maana ya Kuongozwa na Roho na Maana ya Neema

Tangu mwezi wa Aprili mwaka 2023, hapa Malindi kuna neno ambalo watu wengi hawalitamki tena kwa wepesi waliokuwa nao zamani, nalo ni neno "nimeongozwa". Zamani mtu alisimama kanisani Jumapili akasema kwamba ameongozwa na Roho kufunga siku kadhaa, au kuhama, au kuacha kazi, na waumini wakaitikia "Amina" bila kumwuliza swali. Kisha makaburi ya msitu wa Shakahola yakaanza kufukuliwa, huko bara ya mji wetu, ikatolewa miili zaidi ya 400, watoto kwa watu wazima, mingi ikiwa ya watu waliokufa kwa njaa wakiamini kwamba kwa kujinyima chakula watakutana na Yesu. Miili hiyo ililetwa katika chumba cha maiti cha hospitali ya Malindi, na jamaa waliotoka pande mbalimbali za nchi walikuja hapa kuwatafuta walio wao. Mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, si mbali na hapo. Mashitaka yako mahakamani, na huko ndiko yatakakoamuliwa. Mimi ninataka kushughulikia swali lililobaki mikononi mwetu sisi waumini wa kawaida, ambalo mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi alilileta katika kikundi chetu cha kusoma Biblia baada ya kulinyamazia kwa miezi mingi: "Ikiwa wale nao walisema wameongozwa na Roho, mimi nitajuaje kwamba ninayemsikia ni Mungu?"

Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kumwambia muulizaji aombe zaidi, kwa kuwa waliofia msituni nao waliomba. Linahitaji kutatuliwa polepole, kama wavu uliotatana: ukivuta kwa nguvu, fundo huzidi kukaza.

Maneno yenyewe

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu imo katika maneno tunayoyatumia. Katika Kiswahili chetu neno roho lina kazi nyingi. Aliyekufa tunasema amekata roho, na hapo roho ni pumzi. Mtu mwenye husuda tunasema ana roho mbaya, na hapo roho ni tabia. Mwenye hofu tunasema ana roho mkononi, mwenye uchu tunasema roho yake imekitamani kitu, na hapo roho ni hisia. Halafu kuna Roho Mtakatifu, ambaye Wakristo humkiri kuwa ni Mungu mwenyewe. Lugha za asili za Biblia zina hali hiyohiyo, kwa maana neno la Kiebrania na neno la Kigiriki tunayoyatafsiri kuwa "roho" yana maana ya upepo na pumzi pia. Katika maandishi tunatofautisha kwa herufi kubwa, lakini sikio halioni herufi kubwa. Mtu anayesema kwamba roho inamtuma anaweza kuwa anaieleza hamu yake, hofu yake au hasira yake, huku anayemsikiliza akidhani ametajiwa Mungu.

Kuongozwa na Roho, kwa mafundisho ambayo makanisa mengi yanakubaliana, ni Mungu kuuelekeza moyo wa mtu kwenye lililo jema, na njia zake za kawaida ni Maandiko, dhamiri iliyofundwa vizuri, ushauri wa watu wanaomjua mtu huyo, na mambo ya maisha yenyewe yanavyotokea. Kusikia sauti kwa masikio si sharti, na waumini wengi wanyofu huishi hadi uzeeni bila kuisikia hata mara moja. Dhamiri, ambayo mara nyingi huchanganywa na Roho, ni uwezo wa binadamu wa kuyahukumu matendo yake mwenyewe. Ni kama dira ya chomboni: ina thamani kubwa, lakini ikiwekwa karibu na chuma huyumba na kuonyesha upande usio wake. Mtoto aliyelelewa akiambiwa kwamba kula ni dhambi, dhamiri yake itamsuta akila, na kusutwa huko kutakuwa kwa kweli ingawa alichofundishwa ni uongo.

Neno la tatu ni neema, nalo Pwani ililijua kabla ya Biblia kutafsiriwa kwa Kiswahili. Lina asili ya Kiarabu. Mwislamu wa Malindi au wa Lamu akiketi mbele ya sinia ya wali na samaki husema hizi ni neema za Mwenyezi Mungu, na masika yakija vizuri mkulima wa Magarini, awe wa dini gani, husema mwaka huu ni wa neema. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili inayosomwa katika makanisa mengi, ile iliyochapishwa nzima mwaka 1952, walilitumia neno hilo kwa ajili ya neno la Kigiriki karis, yaani fadhili anayotendewa mtu bila kuistahili wala kuilipia. Naona walichagua vema sana. Mkulima hapalilii ili mvua inyeshe. Hupalilia kwa kuwa imenyesha. Neema hutangulia na kazi hufuata, na mtu akiugeuza utaratibu huo, akaanza kufanya kazi ili ainunue mvua, hata sala na saumu hugeuka kuwa deni lisilolipika.

Chini ya mretemu

Kifungu ambacho ningependa tukisome pamoja ni sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Ni habari ya nabii Eliya, ambaye majirani wetu Waislamu humjua kwa jina la Nabii Ilyas. Wahubiri wengi hukimbilia mstari wa 12, penye "sauti ndogo, ya utulivu", kwa sababu ndipo Mungu anaponena kwa namna ya ajabu. Nadhani kosa letu huanzia hapo hapo, katika kuiruka mistari ya kwanza.

Eliya ametoka katika ushindi mkubwa. Kwenye mlima Karmeli alisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, moto ukashuka, watu wakaanguka kifudifudi. Malkia Yezebeli alipopata habari aliapa kumwua kabla ya kesho wakati kama ule, na yule aliyesimama imara mbele ya mamia akatimua mbio. Alifika Beer-sheba, kusini kabisa mwa nchi, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani mwendo wa siku moja peke yake. Akaketi chini ya mretemu, ambao ni mti mdogo wa jangwani wenye kivuli chembamba, akaomba afe. "Yatosha," alisema, "sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Kisha akalala.

Siku tuliyokisoma kifungu hiki, yule mama muuza mahamri ndiye aliyekuwa akisoma kwa sauti. Alikuwa ametoka kazini, na unga ulikuwa umekauka pembeni mwa kucha zake. Kidole chake kilifuata mstari baada ya mstari, na kilipofika mstari wa 5 kikasimama. Akasoma maneno ya malaika, "Inuka, ule", akanyamaza, akayasoma tena. Halafu akainua uso akasema, "Kumbe alianza na chakula."

Sijasikia ufafanuzi wa sura hii unaoshinda ule. Eliya amefika mwisho wa nguvu zake, ametamka maneno ambayo nabii hatarajiwi kuyatamka, na Mungu hamkemei. Hamwambii kwamba imani yake ni haba, hamdai toba, hamwongezei saumu. Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Anayejua mkate wa mofa ukitoka tanurini ataikumbuka harufu yake, na harufu hiyo ndiyo jibu la kwanza la Mungu kwa mtu anayetaka kufa. Eliya akala, akanywa, akajilaza tena, na malaika akamwacha alale. Alipomgusa mara ya pili alimpa na sababu: "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mbingu inakiri kwamba mwili wa mwanadamu una kikomo, na badala ya kuudharau mwili huo inaulisha.

Hapo ndipo neema ilipo. Eliya hakuwa ameuomba mkate. Alichokuwa ameomba ni kifo. Hakuwa amefanya lolote siku ile isipokuwa kukimbia na kukata tamaa. Mtume Paulo aliiona maana hii, kwa kuwa katika sura ya 11 ya Waraka kwa Warumi anaichukua habari hii hii ya Eliya na kuitumia kuifafanua neema, akisema: "Lakini ikiwa ni kwa neema, haiwi kwa matendo tena, au hapo neema isingekuwa neema." Wazo kwamba neema ni mshahara wa waliojitesa zaidi kuliko wenzao haliwezi kusimama mbele ya mstari huo, wala mbele ya mkate ule.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili anaweza kulionja. Eliya anasema "Yatosha", akimaanisha kwamba nguvu zimemwishia na hawezi kuendelea. Karne nyingi baadaye Paulo, akiwa na kile anachokiita mwiba katika mwili, aliomba mara tatu uondolewe, akajibiwa: "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Maneno ya asili ni tofauti, moja la Kiebrania na jingine la Kigiriki, kwa hiyo sijengi fundisho juu ya mfanano huo. Lakini katika Biblia yetu mmoja anasema yatosha kwa kuwa amechoka, na mwingine anaambiwa yakutosha kwa kuwa kilichohitajika kimeshaletwa. Nimeyakumbuka maneno hayo mawili kando ya vitanda vya wagonjwa, nikaona jinsi mtu anavyoweza kuwa katikati yake kwa siku nyingi.

Niseme wazi jambo moja kabla ya kuendelea. Mtu anayetamka maneno ya Eliya chini ya mretemu, anayesema afadhali afe, asiachwe peke yake na asipewe mahubiri. Apewe chakula, aketi na mtu, na apelekwe hospitali akaonwe na wahudumu wa afya ya akili. Kufanya hivyo ni kufuata kazi ya malaika wa mstari wa 5.

Sauti ilivyokuwa

Kwa nguvu za chakula hicho Eliya alikwenda siku 40, usiku na mchana, hata Horebu, mlima wa Mungu. Wanaopenda kuitaja hesabu ya siku 40 kama kipimo cha kujinyima wangeusoma mstari wa 8 tangu mwanzo wake, maana unaanza kwa kusema kwamba aliinuka, akala, akanywa. Aliingia pangoni, akalala humo, na neno la BWANA likamjia kama swali: "Unafanya nini hapa, Eliya?"

Baada ya hapo ukaja upepo wa nguvu uliopasua milima na kuvunja miamba, na BWANA hakuwamo katika upepo. Likaja tetemeko la nchi, naye hakuwamo. Ukaja moto, naye hakuwamo. Baada ya moto, sauti ndogo, ya utulivu. Maneno ya Kiebrania ya hapo ni magumu kutafsiri. Yako karibu na kusema sauti ya ukimya mwembamba, kama ule unaosikika ufukweni alfajiri wakati maji yamekupwa na upepo wa usiku umelala.

Watu wengi huamini kwamba Roho akiwapo lazima pawe na kishindo: spika zivume, mtu aanguke, mwili utetemeke. Sisemi kwamba Mungu hawezi kuwapo penye kishindo, kwa kuwa sura iliyotangulia hii alijibu kwa moto. Ninachosema ni kwamba kishindo hakithibitishi kitu. Upepo ule ulikuwa upepo wa kweli, miamba ilivunjika kwelikweli, na bado Mungu hakuwamo. Kwa hiyo mhubiri akija na maajabu, maajabu hayo peke yake hayajajibu swali la yule mama.

Linalojibu ni tabia ya sauti yenyewe, na hapa inafaa tukae kidogo. Sauti hii kwanza inauliza. Inamwuliza Eliya swali lilelile mara mbili, na Eliya anajibu mara zote mbili kwa maneno yaleyale, ya mtu ambaye uchungu wake umekuwa wimbo anaourudia: kwamba amekuwa na wivu kwa ajili ya Bwana, kwamba manabii wameuawa, kwamba amesalia yeye peke yake. Mungu anamsikiliza mpaka mwisho, mara zote mbili. Sauti inayokataza maswali, inayosema kwamba kuuliza ni uasi, haifanani na sauti ya Horebu hata kidogo.

Pili, sauti hii inasahihisha. Eliya anadai amebaki peke yake, naye anaambiwa kwamba wako 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti. Uchungu ulikuwa umemfanya asione watu 7,000. Wanaojiita pekee walioijua kweli, wanaowaambia wafuasi wao kwamba nje ya uzio wao hakuna aliyeokoka, wanasema neno lilelile ambalo Mungu alilikanusha pale mlimani.

Tatu, inamrudisha kwa watu. "Enenda, urudi kwa njia yako," anaambiwa, na anapewa kazi tatu, ambazo kila moja inamhusu binadamu mwenye jina: Hazaeli, Yehu na Elisha. Pango halikuwa makao. Mwongozo unaomtenga mtu na mumewe au mkewe, unaomtoa mtoto shuleni, unaomkataza mgonjwa kwenda hospitali, unaomwambia auze shamba na kukata mawasiliano na nduguze, unaelekea upande ambao Eliya alitolewa.

Mama yule aliuliza kama kujaribu hivyo si kukosa imani. Nilimjibu kwa mfano wa manahodha wa zamani. Nahodha aliyekuwa akikaribia mwamba usiku alitupa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba, akapima kina, akaivuta, akaitupa tena, hata kama alikuwa ameipita njia ile maisha yake yote. Hakuna aliyesema kwamba nahodha huyo haiamini bahari. Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 4, unaagiza jambo hilo hilo: "Wapenzi, msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho." Ni agizo, na halikupewa wachungaji peke yao.

Kanisa dogo la ufukweni

Karibu na bahari hapa Malindi kuna kanisa dogo la Wareno, lenye paa la makuti, na makaburi machache uani mwake. Wengi hulipita wakielekea kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Mwaka 1542 Francis Xavier, padre aliyekuwa njiani kwenda India, alitua katika mji huu na kumzika mtu aliyefia merikebuni. Katika barua aliyoiandika mwaka huo alisimulia jinsi Mwislamu mmoja mashuhuri wa Malindi alivyozungumza naye kwa huzuni juu ya kupungua kwa ibada misikitini. Inanigusa kwamba karibu miaka 500 iliyopita watu wa dini mbili waliketi hapa wakiulizana ni nini kimeipata sala.

Ninamtaja Xavier kwa ajili ya rafiki yake na mkubwa wake wa shirika, Ignatius wa Loyola. Mwaka 1522, katika mji wa Manresa huko Uhispania, Ignatius aliandamwa na hatia isiyokoma juu ya dhambi alizokwisha kuziungama. Akaamua kwamba hatakula wala kunywa mpaka Mungu ampe amani. Alikaa hivyo juma zima, Jumapili hadi Jumapili, na alipomweleza padre aliyekuwa akimwungamisha, padre akamwamuru aivunje saumu ile. Ignatius alitii, akala. Msaada mkubwa aliouacha baadaye kwa Kanisa zima, hata kwa wasio Wakatoliki, ni mafundisho ya kupambanua yanayotokea ndani ya moyo, na moja kati ya hayo ni hili: wakati wa giza na ukavu wa roho, usibadilishe uamuzi ulioufanya ukiwa na amani.

Sisi wa huku tunaweza kulielewa fundisho hilo bila kusafiri mbali. Mto Sabaki unapofurika huleta udongo mpaka baharini, na maji ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mzamiaji akiona hivyo hungoja maji yatulie, kwa sababu ndani yake haoni hata mkono wake. Bahari haijaharibika na mwamba haujahama, isipokuwa kwa wakati huo hauonekani. Moyo uliojaa hofu, msiba, deni au njaa uko hivyo, na anayemsukuma mtu aamue mambo makubwa katika hali hiyo, tena upesi, tena kwa siri, anamzamisha katika maji ya mafuriko.

Kuhusu kufunga

Baada ya Shakahola wako walioanza kuiogopa saumu yoyote, na hofu hiyo naielewa, lakini si lazima. Saumu ya kweli ina mlango wa kutokea. Waislamu hufuturu kila siku jua linapotua, na mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kula. Wakristo wanaofunga Kwaresima hula kila siku, kwa kiasi. Yesu mwenyewe baada ya siku 40 "akaona njaa", jambo ambalo Mathayo analiandika bila aibu, na jaribu la pili lilikuja na Maandiko kinywani, kwa kuwa Ibilisi alitumia neno "imeandikwa" kumshawishi ajirushe kutoka juu ya hekalu. Mtu anayekuonyesha mstari wa Biblia ili ujidhuru hajawa wa kwanza kufanya hivyo. Mwishoni mwa habari ile malaika walikuja wakamtumikia Yesu, na nabii Isaya, katika sura ya 58, anaieleza saumu anayoichagua Mungu kuwa ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Saumu yenye kumnyima mtoto chakula iko kinyume na sura hiyo yote.

Kuna na kosa la upande wa pili, la wanaosema kwamba kwa kuwa neema ni ya bure basi lolote lifanyike. Paulo alilijibu katika Warumi 6, nami sina la kumwongezea.

Kwa hiyo mtu afanye nini akitaka kuisikia sauti ile leo, katika mji wenye tuktuk, madeni na simu isiyonyamaza? Sura hii inamshauri kwa utaratibu wake yenyewe. Ale, alale. Asome kifungu kizima, asikubali kupewa mstari mmoja uliong'olewa mahali pake. Amweleze Mungu uchungu wake kama ulivyo, hata kama ni maneno yaleyale ya jana. Akae kimya muda wa kutosha ili swali "unafanya nini hapa?" limfikie kwa jina lake. Analodhani amelisikia alipeleke kwa mtu asiye na faida yoyote katika jibu, asiyemwogopa wala kumtegemea. Kisha angoje, akitazama kama ndani yake linazaa yale ambayo Wagalatia 5 inayaita tunda la Roho, yaani upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Mara nyingi hatasikia kitu cha kusimulia. Atajikuta tu ameweza kumsamehe dada yake, au ameona lile ambalo alipaswa kulifanya tangu mwezi uliopita.

Yule mama aliimaliza sura nzima jioni ile, ingawa muda wetu ulikuwa umekwisha na adhana ya Magharibi ilikuwa imeanza mtaa wa pili. Eliya anashuka kutoka mlimani na kumkuta Elisha akilima kwa jozi 12 za ng'ombe, anamtupia vazi lake, na Elisha anaomba kwanza akawaage baba na mama yake. Kisha anachinja ng'ombe wake na kuipika nyama kwa miti ya nira. Mama akafika kwenye mstari wa mwisho kabisa, kidole chake kikasimama tena. "Akawapa watu," akasoma, "wakala."